Chakula kilichopita tarehe: kula au kutupa? Mwongozo kamili kutoka jikoni Tanga

Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, hulitoa kabati langu la jikoni vitu vyote. Natandika mkeka uani, napanga kila kopo na kila pakiti, nafuta vumbi, nasoma tarehe. Safari hii wifi yangu alikuja kunisaidia, akafanya kazi kwa haraka. Kopo la nyanya lililopitwa na miezi mitatu, upande wa kutupa. Tambi zilizopitwa na wiki mbili, upande wa kutupa. Boksi la maziwa lililobakiza miezi miwili, upande wa kubaki.

Nikavibadilisha. Nyanya na tambi nikazirudisha kabatini, maziwa nikayaweka pembeni ya kumwaga.

"Wifi, haya si bado yana miezi miwili?"

"Yanayo. Lakini hebu lishike boksi lenyewe."

Akalishika. Lilikuwa limevimba pande zote kama mto. Nilikuwa nimelinunua kwenye duka ambalo maboksi hupangwa barazani, jua la saa saba likiyapiga mpaka alasiri.

Tarehe ni ahadi ya mwenye kiwanda, na ahadi hiyo ina masharti: mahali pakavu, pasipo na joto, au ndani ya friji, na pakiti isiwe imefunguliwa. Masharti yakivunjwa, ahadi haipo tena, hata kama miezi imebaki. Na yakitunzwa vizuri, vyakula vingi havigeuki sumu siku ya pili baada ya tarehe. Kwa hiyo swali si moja. Ni manne au matano, na yanaulizwa kwa mpangilio. Nimeyaandika hapa kwa ajili ya mtu anayeona uchungu kutupa chakula, maana ni israfu na ni pesa, lakini pia hataki kumlaza mtoto hospitali kwa sababu ya kopo la shilingi elfu tatu.

Hatua ya kwanza: jua tarehe inakwambia nini

Pakiti nyingi zina tarehe mbili. Yenye herufi MFG au MFD ni siku kilipotengenezwa. Ya pili ndiyo inayotuhusu, na hapa mambo mawili yaliyo mbalimbali huchanganywa.

Ukiona "Best before", au kwa kifupi BB au BBE, maana yake ni "bora kabla ya". Mpaka siku hiyo kiwanda kinaahidi ladha na harufu ileile uliyoizoea. Ikipita, biskuti huenda zikalegea na majani ya chai yakapoteza harufu, lakini hiyo ni habari ya ubora. Ukiona "Use by" au EXP, hiyo inapaswa kuwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Codex Alimentarius, yaani kanuni za chakula za kimataifa zilizo chini ya FAO na WHO, zinatenganisha tarehe hizi mbili wazi: ya mwisho wa matumizi ikishapita, chakula hicho hakitakiwi kuuzwa wala kuliwa.

Shida ni kwamba madukani kwetu utaikuta EXP kwenye kila kitu, mpaka kwenye chumvi. EXP ya chumvi na EXP ya mtindi si kitu kimoja, ingawa herufi ni zilezile. Ndiyo maana hatua zinazofuata zinahitajika.

Kisha hakikisha umeisoma tarehe sawasawa. Sisi huandika siku, mwezi, mwaka. Bidhaa za Marekani huanza na mwezi. Kwa hiyo 03/08 inaweza kuwa tarehe 3 Agosti au tarehe 8 Machi. Linganisha na tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi jibu hupatikana hapo. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, hesabu mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Bidhaa zinazotoka Omani na Dubai wakati mwingine huwa na tarakimu za Kiarabu. Aliyepita madrasa atakusomea. Na namba ndefu yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika si tarehe, ni namba ya toleo la kiwandani.

Pitisha kidole juu ya tarehe. Ikiwa imefutika nusu, imegongwa mara mbili, au kuna stika iliyobandikwa juu ya tarehe nyingine, usiendelee na hatua yoyote. Mtu aliyebadilisha tarehe hakuambii ukweli wa jambo lingine lolote kuhusu chakula hicho. Hapa pwani yetu, kuna bidhaa zinazoingia kwa njia za panya na bandari bubu, na hizo hazijakaguliwa na yeyote.

Neno moja kwa wenye maduka: mwongozo huu ni wa chakula ambacho tayari kiko nyumbani kwa mtu. Kuuza kilichopita muda ni kosa, hata kama wewe mwenyewe ungekila. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihama kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS, Shirika la Viwango, na hao ndio wanaokagua.

Hatua ya pili: kilikaa wapi?

Swali hili mimi naliweka juu ya tarehe. Tanga, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na hewa ina unyevunyevu wa bahari. Kiwanda kikiandika "weka mahali pakavu na penye ubaridi", hakikufikiria stoo ya bati kule Makorora. Joto huharakisha mafuta kuharibika, unyevu huleta ukungu, na jua hufanya yote mawili.

Kwa hiyo ukiwa dukani tazama rafu kabla ya pakiti. Je, vimewekwa ndani au barazani? Friji ya duka ina ubaridi kweli, au imezimwa usiku ili kubana umeme na kuwashwa asubuhi? Mtindi ulio vuguvugu ndani ya friji hauponywi na tarehe yake.

Ukishafungua, tarehe ya kiwanda imekwisha kazi. Boksi la maziwa lenye miezi mitatu mbele, likifunguliwa, ni la friji na la siku tatu au nne tu. Kopo la nyanya lililofunguliwa lihamishie kwenye bakuli la kioo au plastiki lenye kifuniko, uweke kwenye friji. Mimi huandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila kitu. Watoto walishazoea, wao ndio hunikumbusha.

Friji yenyewe inatakiwa iwe nyuzi 5 au chini yake. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu huzaana kwa kasi, na hali ya hewa yetu iko katikati ya hapo usiku na mchana. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku wa manane, usifungue mlango: friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa huhimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Baada ya hapo nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa vihesabu kuwa vimeharibika.

Kuna njia rahisi ya kujua kama friza ilizimika ukiwa safarini. Gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini na barafu imeganda juu yake, ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Sarafu ikiwa bado juu, uko salama.

Hatua ya tatu: ni chakula cha aina gani?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa sababu vyakula havizeeki kwa namna moja.

Chumvi, sukari, siki na asali safi haviozi. Tarehe juu yake haikuhusu sana. Sukari ikigandamana ni unyevu tu. Asali ikiganda, iweke kwenye maji ya moto, italainika. Ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, mpya wala ya zamani, kwa sababu inaweza kubeba chembe za kijidudu cha botulizimu ambazo tumbo lake halijaweza kupambana nazo.

Mchele, tambi, maharage makavu na dengu huvuka tarehe kwa miezi mingi kama ni vikavu na havina wadudu. Fukusi wachache kwenye mchele si sumu: anika, peta, osha. Lakini wakishakuwa wengi mpaka kuna unga na harufu ya uvundo, au kuna unyevu na utando kama wa buibui, hapo achana nao. Maharage ya siku nyingi huwa magumu kuiva, basi.

Unga una tofauti ambayo wengi hawaijui. Sembe hukaa zaidi kuliko dona, kwa sababu dona imesagwa pamoja na kiini cha mahindi, na kiini ndicho chenye mafuta. Mafuta hayo huharibika kwa joto. Dona iliyokaa miezi miwili katika stoo yenye joto hutoa harufu nzito na ugali wake una uchungu unaobaki kooni. Saga kidogo kidogo, hiyo ndiyo dawa yake. Mafuta ya kupikia, karanga zilizosagwa na ufuta hufuata kanuni hiyo: ukinusa ukapata harufu ya rangi ya mbao au ya krayoni za watoto, mafuta yamekwisha, hata kama tarehe bado.

Makopo. Vyakula vyenye uchachu, kama nyanya na nanasi, hubaki na ubora wake kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Maharage, nyama na samaki wa kopo hubaki miaka miwili hadi mitano, kopo likiwa zima na limekaa penye ubaridi. Kwa hiyo kopo la nyanya lililopitwa na miezi mitatu halikunitisha. La kunitisha ningelitambua kwa kulitazama: kopo lililovimba juu au chini, linalovuja, lenye kutu inayoacha shimo, au lililobonyea kwenye mshono. Kopo likirusha povu au maji wakati wa kulifungua, usionje. Sababu ni botulizimu, sumu ya kijidudu kinachoishi pasipo hewa, inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumua. Ni nadra, lakini kidogo sana kinatosha kuua, na kopo la shilingi elfu chache halina thamani ya kuonja.

Maziwa. Ya boksi yaliyopashwa moto mkali sana, zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, hukaa nje miezi mingi kabla ya kufunguliwa. Yakipita tarehe kwa siku chache na boksi halijavimba, yanaweza kutumika, kwa sharti la kuyanusa na kuyatazama kwenye glasi kwanza. Maziwa ya pakiti ya plastiki yanayouzwa kwenye friji, haya tunayozalisha kwa wingi hapa Tanga, yamepashwa moto mdogo zaidi, na bila friji hayana siku. Tarehe yake ifuate. Mtindi tayari una uchachu wake unaoulinda, kwa hiyo siku mbili tatu baada ya tarehe, kama ni ile ya ubora, ukiwa umekaa kwenye friji muda wote na hauna ukungu, gesi wala uchungu, si hatari kwa mtu mzima mwenye afya. Maziwa yanayotolewa mlangoni kwa kidumu hayana tarehe wala hayajachemshwa. Yachemshe siku hiyohiyo, kila mara.

Mayai watu huyapima kwa maji. Likilala chini kwenye bakuli ni jipya, likisimama ni la siku nyingi, likielea lina hewa nyingi ndani, liache. Kipimo hiki ni cha umri. Hakisemi lolote kuhusu salmonela, kijidudu cha kuharisha. Yai jipya kabisa linaweza kuwa nayo. Kwa hiyo lililosimama lipasue kwenye bakuli la peke yake, lisije kuharibu mengine tisa, kisha lipike mpaka kiini kigande.

Boflo likiota ukungu upande mmoja, usikate upande huo ukala uliobaki. Ukungu hupenya ndani ya kitu laini bila kuonekana. Hivyohivyo kwa jamu, mtindi, wali na maandazi. Ni vitu vigumu tu, kama jibini gumu au karoti, unavyoweza kukata sentimita mbili na nusu kuzunguka doa.

Nyama na kuku wabichi walio kwenye friji: siku moja au mbili kwa kuku na nyama ya kusaga, tatu hadi tano kwa kipande kizima cha ng'ombe. Vilivyogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri havipotezi usalama wake, hupungua utamu tu, hivyo tarehe iliyopita ukiwa umegandisha mapema si tatizo. Soseji na nyama baridi zinazoliwa bila kupikwa fuata tarehe yake kama ilivyo, kwa sababu listeria, kijidudu chao, huweza kukua hata ndani ya friji.

Na maziwa ya kopo ya mtoto mchanga: tarehe ikipita, hata siku moja, usimpe. Kwa mtoto huyo ndicho chakula chote alicho nacho, na virutubisho vikipungua hana pengine pa kuvipata. Likishafunguliwa, maliza ndani ya mwezi mmoja au kama lebo inavyosema.

Hatua ya nne: pua yako inajua nini, na haijui nini

Mama zetu walitufundisha kunusa, na walitufundisha vizuri. Nyama yenye utelezi, tui lililochacha, mchuzi wenye mapovu juu, maziwa yaliyokatika: pua, macho na vidole vinatosha. Kikinuka, tupa. Usionje "kidogo tu" kuhakikisha.

Lakini kisichonuka si lazima kiwe salama, na jambo hili naliona linagharimu watu kuliko tarehe zote za madukani. Vyakula vitatu vinavyoliwa kila siku Tanga havina tarehe, havina lebo, na vinaweza kuwa na sumu isiyo na harufu wala isiyokufa kwa moto.

Cha kwanza ni kiporo cha wali. Mwaka juzi nilipika wali wa nazi jioni, ukabaki sufuriani juu ya jiko, nimeufunika. Asubuhi nikaupasha moto vizuri, mpwa wangu akala na chai kabla ya shule. Kabla ya saa nne alikuwa ametapika mara tano. Wali haukuwa umechacha; niliuonja mimi mwenyewe. Nilikuja kuelewa baadaye. Mchele hubeba mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu usiku kucha, mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Sufuria zito lililofunikwa huhifadhi uvuguvugu huo mpaka alfajiri.

Siku hizi nafanya hivi. Chakula kilichopikwa hakikai nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali zaidi ya saa moja. Wali unaobaki nautandaza kwenye chombo kipana ili upoe upesi, naufunika, naingiza kwenye friji. Unaliwa kesho yake, unapashwa moto mara moja tu mpaka ufuke wote. Nyumba isiyo na friji ipike ya kutosha na kumaliza. Kama kuna jirani mwenye watoto, mpelekee ungali wa moto.

Cha pili ni samaki wenye nyama nyekundu: jodari, vibua, nguru, na dagaa wa baharini. Wakikaa juani bila barafu, vijidudu hutengeneza sumu iitwayo histamini ndani ya nyama. Haifi kwa kukaangwa, kukaushwa wala kugandishwa. Mtu hula, na ndani ya dakika chache mpaka saa moja uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Wengi husema ni mzio wa samaki. Wakati mwingine onyo pekee ni ladha ya kuwasha ulimini kama pilipili, ukiipata, tema.

Ndiyo maana pale soko la samaki la Deep Sea mimi huulizia barafu kwanza, halafu ndiyo bei. Nataka kuona macho yaliyojaa na kung'aa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza, harufu ya bahari na si ya shombo kali. Samaki aliyelala juu ya meza ya mbao tangu asubuhi akimwagiwa maji mara kwa mara ili ang'ae, simchukui hata akishushwa bei nusu. Papa mkavu akiingiwa na unyevu na kuanza kutoa utando wa rangi ya waridi au mweusi, mwache naye.

Cha tatu ndicho kizito zaidi: mahindi na karanga. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu, haina harufu, haina ladha, na ugali uliopikwa hauiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliua watu wapatao 20, na waliokula walikuwa wanakula ugali wa kawaida. Kiwango kidogo kinacholiwa kwa miaka huharibu ini. Viwango vya Tanzania haviruhusu jumla yake ipite sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, kipimo ambacho jicho haliwezi.

Jikoni unachoweza ni kuzuia. Ukinunua gunia kutoka Handeni au Kilindi, pima ukavu wake. Chukua chupa safi ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza punje mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu mwingi. Yaanike tena juu ya turubai, si ardhini. Punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zichambue zote. Karanga iliyonyauka, yenye doa la kijani au nyeusi, au yenye uchungu, tema. Na usimpe ng'ombe wala kuku mahindi uliyoyakataa wewe: ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa na kurudi mezani kwako.

Hatua ya tano: nani atakula?

Kitu kilekile kinaweza kuwa sawa kwangu na kisiwe sawa kwa mwingine. Mtoto chini ya miaka mitano, bibi wa miaka sabini na tano, mjamzito, mgonjwa wa kisukari au figo, anayeishi na VVU, aliye kwenye dawa za saratani: hawa wasipewe chochote chenye shaka. Kwa mjamzito listeria inaweza kumpita yeye ikamdhuru aliye tumboni. Nyumba yenye mmoja wao haina haja ya kupiga hesabu ndefu. Kikipita tarehe na ni maziwa, nyama, samaki au mayai, kinatoka.

Basi ukibaki na kitu mkononi, jiulize kwa haraka namna hii. Tarehe imechezewa, au pakiti imevimba, imevuja, imetoboka? Tupa. Ni maziwa ya mtoto, nyama baridi, au kitu cha friji kilichoandikwa mwisho wa matumizi, na siku imepita? Tupa. Kimekaa nje ya masharti yake? Tupa, tarehe yoyote iwayo. Ni kikavu au kopo zima, tarehe yake ni ya ubora, kimekaa pazuri, hakina harufu wala ukungu, na anayekula ni mtu mzima mwenye afya? Kula.

Ukinunua kwa bei ya kushuka

Karibu na Ramadhani na mwisho wa mwaka, maduka hupunguza bei za vitu vinavyokaribia tarehe, na si vibaya. Tende, tambi na nyanya za kopo zenye wiki tatu mbele ni nafuu halali, ukijua utazimaliza. Ila usinunue katoni nzima ya kitu ambacho familia hula pakiti moja kwa mwezi. Pale soko la Mgandini nimewahi kushuhudia mama akinunua katoni ya maziwa ya unga yaliyobakiza siku kumi, na nyumbani wako watatu tu. Nyumbani, vipya viweke nyuma, vya zamani mbele.

Unapotupa, chana pakiti au toboa kopo. Jalalani kuna watu wanaookota, na kuna wanaookota ili kuuza.

Kama tayari mtu amekula

Kutapika na kuharisha mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Kinachoua, hasa watoto, ni kupungukiwa na maji. Mpe ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwa vinywaji vidogo vidogo tangu mwanzo, usingoje. Ikikosekana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa kijiko kweli, usikadirie kwa mkono; chumvi ikizidi inadhuru. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa za kufunga kuharisha usimpe mtoto.

Nenda kituo cha afya, au hospitali ya Bombo moja kwa moja, ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikotulia hata kwa maji, mkojo uliokauka, macho yaliyozama, au mtoto aliyelegea asiyetaka kuamka. Kuharisha kukizidi siku tatu, nenda pia. Na ukiona mtu anaona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, anashindwa kumeza au kuongea vizuri baada ya kula kitu cha kopo au kilichofungiwa, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo kwa aliyekula samaki akavimba midomo au akapumua kwa shida.

Chukua na pakiti yenyewe, au mabaki ya chakula kwenye mfuko uliofungwa. Daktari atahitaji kuona ni nini, na namba ile ndefu ya toleo, ambayo hatukuihitaji mwanzoni, ndiyo itakayomsaidia afisa afya wa kata au TBS kujua ni maduka gani mengine yana shehena hiyohiyo.